Orodha Isiyobadilika na Orodha Isiyobadilishika: Kauli ya Kutendeka katika Istilahi za Programu

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jambo dogo la ufundi wa programu za tarakilishi ambalo, kwa maoni yangu, lina somo kubwa kwa wale wanaoshughulika na istilahi za Kiswahili. Jambo lenyewe ni jinsi orodha inavyoundwa kutokana na mkondo wa data, kisha ikafungwa ili isipate kubadilishwa tena. Msomaji asiye na mazoea ya tarakilishi asiwe na hofu. Hatadaiwa ujuzi wowote wa hisabati. Atakachodaiwa ni ujuzi alio nao tayari, yaani ujuzi wa mnyambuliko wa vitenzi.

Hoja yangu ni hii. Katika utunzi wa programu kuna hali mbili ambazo hazina budi kutenganishwa. Ya kwanza ni hali ya orodha ambayo aliyeishika hawezi kuibadilisha. Ya pili ni hali ya orodha ambayo haibadiliki kamwe, hata kwa mkono wa mtu mwingine. Wanafunzi wangu, na mimi mwenyewe kwa muda mrefu, tulizoea kuziita hali hizi zote mbili kwa jina moja, 'orodha isiyobadilika'. Nitajaribu kuonyesha kwamba Kiswahili kina njia yake ya kuzitenganisha, tena ndani ya kitenzi kimoja, na kwamba kutoitumia njia hiyo kuna hasara inayoweza kupimwa. Hasara hiyo niliipata mimi mwenyewe katika utafiti mdogo wa msamiati huko Nyalenda, mjini Kisumu.

2.0 Mkondo na Orodha

Yafaa kwanza tueleze maana ya mkondo. Mto Auji hupita katika makazi ya Nyalenda ukielekea Ziwa Viktoria. Anayesimama kando yake huona maji, lakini hawezi kusema kwamba mto unayaweka maji hayo, unayapitisha tu. Hali ni hiyo hiyo katika bomba la kioski ambako kaya nyingi za Nyalenda huteka maji: bomba hupitisha, mtungi huweka. Katika programu, mkondo ni bomba na orodha ni mtungi.

Lugha ya programu iitwayo Java ilipata mikondo ya namna hii katika toleo lake la 8, lililotolewa Machi 2014. Mkondo huo una sifa tatu ambazo ni muhimu kwa mjadala wetu. Kwanza, hauhifadhi kitu. Pili, hautiririki mpaka mtu aliye mwishoni afungue bomba. Yaani hatua zote za kati, kama vile kuchuja na kupanga, husubiri mpaka matokeo yadaiwe. Tatu, mkondo hutumika mara moja tu. Anayejaribu kuuteka mara ya pili hupata kosa, na programu husimama.

Tuchukue mfano. Tuseme tumeandika majina ya samaki kwa kadiri yalivyotamkwa na wauzaji, moja baada ya jingine: omena, mbuta, omena, ngege, mgongo wazi, mbuta, fulu. Twataka kuondoa yaliyorudiwa, kuyapanga kwa alfabeti, na kuyaweka katika orodha. Mtunzi wa programu ataandika hivi:

samaki.stream().distinct().sorted().toList()

Neno la kwanza ni jina la data zetu. Amri inayofuata hufungua mkondo, ya tatu huondoa marudio, ya nne hupanga, na ya mwisho hukinga mtungi. Matokeo ni orodha ya maneno matano: fulu, mbuta, mgongo wazi, ngege, omena. Swali linalobaki ni moja: je, mtungi huo una kifuniko? Na kama unacho, ni kifuniko cha namna gani?

3.0 Kisa cha Nyalenda

Niliporudi kutoka ng'ambo, nilikosomea shahada ya uzamili, nilianza kukusanya maneno ya biashara ya samaki katika makazi ya Nyalenda na ufuko wa Dunga ulio karibu. Huko Kiswahili na Kidholuo hukutana kila asubuhi juu ya meza moja. Mengi ya majina ya samaki ni ya Kidholuo. Lakini kuna jina moja ambalo ni la Kiswahili kitupu na ambalo limezaliwa na mazingira ya Kisumu: mgongo wazi. Jina hili hutajia mabaki ya mbuta baada ya minofu yake kutolewa viwandani kwa ajili ya kuuzwa nje ya nchi. Kinachosalia ni kichwa, uti wa mgongo na nyama kidogo iliyoshikana na mifupa. Hukaangwa na kuuzwa kwa bei ambayo mwenye kipato kidogo aweza kuimudu. Katika jina hilo mna historia ya uchumi wa ziwa zima.

Wauzaji walikubali kurekodiwa kwa sharti moja, kwamba sauti zao zisihifadhiwe. Tulikubaliana kwamba tukisha kuandika maneno, rekodi ifutwe, na ndivyo ilivyofanyika. Kwa hiyo rekodi ilikuwa mkondo kwa maana kamili: ilipita mara moja, na orodha ikabaki kuwa ushahidi wa pekee.

Kijana mmoja aliyenisaidia alitunga programu ya kukusanya maneno hayo. Nilimwambia kwamba nataka 'orodha isiyobadilika', naye akanipa orodha ambayo kila nilipojaribu kuongeza au kufuta neno, programu ilikataa. Niliridhika. Miezi kadhaa baadaye nilirudi kwa mama mmoja muuzaji ili nimsomee maneno aliyonipa, apate kuyathibitisha. Nilipofika kwenye 'mifupa ya samaki' alinikatiza.

"Mwalimu, hilo si neno langu. Mimi nilikwambia mgongo wazi. Mifupa nitamuuzia nani?"

Alisema kweli. Tulipochunguza, tuligundua kwamba programu ilikuwa na sehemu nyingine, iliyokusudiwa kazi tofauti kabisa, ya kubadilisha maneno ya mitaani yawe maneno sanifu. Sehemu hiyo ilikuwa imeshika orodha ya asili, ambayo ilikuwa wazi. Orodha niliyopewa mimi haikuwa orodha nyingine; ilikuwa ni dirisha la kuitazamia ile ile. Mimi sikuweza kuibadilisha, lakini ilibadilika mbele ya macho yangu. Mgongo wazi tuliurudisha kwa sababu mwenyewe alikuwapo na alikumbuka. Maneno mengine yaliyosanifishwa siku hiyo hatukuweza kuyajua, kwani sauti zilikwisha futwa.

Kijana yule hakukosa. Nilimwomba orodha isiyobadilika, naye alisikia orodha isiyobadilishika. Kosa lilikuwa katika istilahi, na mwalimu wa istilahi nilikuwa mimi.

4.0 Namna za Kufunga Orodha

Hebu sasa tutazame namna ambavyo Java huikusanya orodha kutoka katika mkondo, ili tuone tofauti inayohitaji majina.

(a) Namna ya kwanza ni kutumia kikusanyi kiitwacho Collectors.toList. Maelezo rasmi ya kikusanyi hiki hayatoi ahadi yoyote kuhusu kama orodha itakayopatikana yaweza kubadilishwa au la. Kwa kawaida hubadilishwa bila shida. Huu ni mtungi usio na kifuniko. Ikiwa haubadilishwi, ni kwa hisani ya watu tu.

(b) Namna ya pili ni kuichukua orodha iliyo wazi na kuipitisha katika amri ya Collections.unmodifiableList, ambayo imekuwapo tangu toleo la 1.2 la mwaka 1998. Amri hii haitengenezi orodha mpya. Hutengeneza dirisha. Anayepitia dirishani akijaribu kuongeza, kufuta au kubadilisha, hukataliwa. Lakini aliye na orodha ya asili aweza kufanya apendavyo, na kila afanyalo huonekana dirishani. Hii ndiyo orodha niliyopewa.

(c) Namna ya tatu ni kikusanyi cha Collectors.toUnmodifiableList, kilichokuja na toleo la 10 mnamo Machi 2018. Hiki hutoa orodha iliyofungwa tangu kuzaliwa, ambayo nyuma yake hakuna orodha nyingine iliyo wazi. Tena kina sharti: hakikubali nafasi tupu. Ikiwa katika mkondo mna mahali pasipo na kitu, kazi yote hukataliwa.

(d) Namna ya nne ni ile ya mfano wetu wa hapo juu, amri ya toList inayotolewa kwa mkondo wenyewe, iliyokuja na toleo la 16 mnamo Machi 2021. Nayo hutoa orodha iliyofungwa, ila yenyewe hukubali nafasi tupu.

Tofauti ya (c) na (d) si ndogo kwa mtaalamu wa lugha. Mara nyingi katika rekodi hutokea neno lisilosikika. Je, neno hilo lipewe nafasi tupu katika orodha, ili tujue kwamba kitu kilisemwa, au orodha nzima ikataliwe mpaka tusikilize upya? Mwenye kutunga kamusi na mwenye kuchunguza mazungumzo hawatajibu sawasawa.

Kabla ya mwaka 2018 watunzi wenye hadhari walikuwa na njia yao. Walikusanya orodha iliyo wazi na kuifunika kwa dirisha la namna (b) papo hapo, katika hatua moja, bila kuipa orodha ya asili jina lolote. Kwa kuwa haikuwa na jina, hakuna aliyeweza kuifikia, na dirisha likawa salama. Kisa chetu chapata maelezo hapa: kifuniko chetu hakikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kwamba kitu kimoja kilikuwa na majina mawili, na jina moja lilikuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Hata hivyo, hata (c) na (d) hazifikii mwisho wa safari. Zinafunga orodha, hazifungi vitu vilivyomo. Ikiwa vitu hivyo ni maneno matupu, hakuna neno, maana mfuatano wa herufi katika Java haubadiliki baada ya kuundwa. Lakini tuseme kila kitu katika orodha ni kitomeo kamili chenye kidahizo, ngeli na fasili, na kwamba kitomeo hicho kimetungwa kwa namna inayoruhusu fasili ifutwe na kuandikwa upya. Hapo tutakuwa na kamusi ya ajabu, ambayo haiwezi kuongezwa wala kupunguzwa kidahizo, ila fasili zake zote zaweza kugeuzwa usiku kucha. Orodha isiyobadilika hupatikana pale tu orodha iliyofungwa inapokuwa na vitu ambavyo navyo havibadiliki.

5.0 Ushahidi wa Mnyambuliko

Wanaofundisha sarufi ya Kiswahili wanajua kwamba kauli ya kutendeka ina maana mbili. Yaweza kutaja hali, kama katika 'kikombe kimevunjika', au uwezekano, kama katika 'kikombe hiki hakivunjiki'. Wanajua pia kwamba kauli hii, tofauti na ile ya kutendwa, haimtaji mtendaji. Twasema 'kikombe kimevunjwa na mtoto', lakini hatusemi 'kimevunjika na mtoto'.

Jambo lisilotiliwa mkazo wa kutosha ni kile kinachotokea pale kiambishi hiki kinapofuata kile cha kutendesha. Tulinganishe jozi hizi:

mtoto haamki / mtoto haamshiki
maji hayachemki / maji hayachemshiki
gurudumu halizunguki / gurudumu halizungushiki
orodha haibadiliki / orodha haibadilishiki

Katika upande wa kwanza tunataja tukio lenyewe: kuamka hakupo, kuchemka hakupo. Katika upande wa pili mtendaji hatajwi, lakini yupo. Ameletwa na kiambishi cha kutendesha, na kinachokanushwa ni mafanikio ya juhudi yake. Mama anayesema 'mtoto huyu haamshiki' amejaribu kumwamsha akashindwa. Hakusema kwamba mtoto hataamka. Baada ya saa moja mtoto aweza kuamka mwenyewe, au akaamshwa na kelele za jirani, na kauli ya mama isiwe ya uongo.

Hii ndiyo tofauti ya dirisha na orodha iliyo imara. Orodha isiyobadilishika ni ile ambayo juhudi za aliyeishika hazifui dafu. Kama itabadilika kwa njia nyingine, hilo ni suala jingine. Orodha isiyobadilika ni ile ambayo tukio la kubadilika halimo kabisa. Kila orodha isiyobadilika haibadilishiki. Lakini si kila orodha isiyobadilishika haibadiliki.

Tukiongeza kauli ya kutendwa, tutapata daraja la tatu. 'Orodha isiyobadilishwa' ni ile ambayo watu hawaibadilishi, kwa desturi au kwa makubaliano, ingawa hakuna kizuizi. Hiyo ni orodha ya namna (a) ikiwa mikononi mwa watu waaminifu. Hivyo kutokana na shina moja twapata ahadi, kizuizi, na hakika: isiyobadilishwa, isiyobadilishika, isiyobadilika.

6.0 Kuyumba kwa Kiingereza

Huenda msomaji akadhani kwamba Kiingereza, ambacho ndicho chimbuko la istilahi hizi, kimekwisha maliza tatizo hili. Sivyo. Mwaka 2017 Java ilipotoa toleo la 9, lenye amri mpya za kuunda orodha ndogo zilizofungwa, maelezo rasmi yaliziita orodha hizo immutable. Katika toleo la 10, mwaka uliofuata, maelezo yalibadilishwa na orodha zile zile zikaitwa unmodifiable, pamoja na ufafanuzi kwamba orodha ya namna hii si lazima iwe immutable, kwa kuwa vitu vilivyomo vyaweza kubadilika. Kwa upande mwingine, maktaba ya Guava iliyotungwa na Google huziita orodha zake immutable, ingawa nazo haziwezi kuzuia vitu vilivyomo visibadilike.

Kwa hiyo anayetafsiri neno kwa neno hutafsiri mashaka pamoja na maneno. Maneno hayo mawili ya Kiingereza yametengwa kwa uamuzi wa wataalamu. Umbo lake halimwambii msomaji lipi ni lipi. Maneno yetu yametengwa na sarufi, na msemaji yeyote wa Kiswahili anayejua tofauti ya haamki na haamshiki anayo tofauti hii kichwani kabla hajaiona tarakilishi.

7.0 Pingamizi

Nimekutana na pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba neno isiyobadilishika ni refu na si la kawaida. Ni kweli ni refu, lakini istilahi haitafutiwi wepesi tu. Tena muundo wake si mgeni: twasema kwamba kosa halirekebishiki na kwamba mtu fulani hafundishiki, wala hakuna anayelalamika.

Pingamizi ya pili ina uzito zaidi. Inasemwa kwamba katika mazungumzo wengi hutumia haibadiliki kwa maana zote mbili, kwa sababu kauli ya kutendeka peke yake yaweza kutaja uwezekano. Nakubali. Lakini kazi ya istilahi si kuorodhesha matumizi yote ya mazungumzo. Ni kuchagua, miongoni mwa yale ambayo lugha inaruhusu, matumizi yanayotenga kile kinachopaswa kutengwa. Wanasarufi wenyewe walichagua hivyo walipotenga kauli na hali, au sauti na fonimu.

8.0 Hitimisho

Suala hili halihusu watunzi wa programu peke yao. Leo taaluma yetu inategemea orodha zilizotolewa katika mikondo mikubwa. Kongoo ya Kiswahili ya Helsinki, katika toleo lake la pili, ina maneno yapatayo milioni 25. Karibu nasi, Chuo Kikuu cha Maseno, Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Africa Nazarene vilishirikiana kuunda kongoo ya Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya iitwayo Kencorpus, iliyotangazwa mwaka 2022 ikiwa na matini 4,442 zenye maneno milioni 5.6. Anayenukuu hesabu ya neno kutoka katika hazina kama hizi, na anayekuja miaka kumi baadaye kuihakikisha, ni lazima wawe wanatazama kitu kimoja. Waliotunga Kamusi ya Kiswahili Sanifu walilijua hilo. Lugha iliendelea kutiririka, lakini toleo la 1981 limebaki vile lilivyokuwa, na la 2004 likawa kitabu kingine. Msomi aweza kuyalinganisha kwa sababu hakuna aliyeingia katika la kwanza na kulisahihisha kimya kimya.

Napendekeza basi kwamba katika mafunzo yetu mkondo utumike kwa njia ya kupitishia data. Kikusanyi kwa chombo kinachokinga mkondo. Dirisha kwa orodha isiyo na maudhui yake yenyewe bali inayoonyesha nyingine. Orodha isiyobadilishika kwa ile inayomkatalia mwenye kuishika. Na orodha isiyobadilika kwa ile iliyofungwa pamoja na vitu vyake. Wenzangu wenye istilahi bora zaidi wazilete, mradi zihifadhi tofauti hizi.

Kuhusu orodha ya Nyalenda, tuliikusanya upya. Safari hii ilifungwa kwa namna ya (c), ikapewa tarehe, na usanifishaji ukafanywa katika nakala yenye jina lake. Wauzaji wengine hatukuwapata tena, na maneno yao hatukuyaandika kwa kukisia. Yule mama nilimsomea orodha yote mbele ya meza yake. Safari hii hakunikatiza hata mara moja, ila mwishoni aliuliza kama jina la mgongo wazi litaandikwa katika kitabu. Nilimwambia litaandikwa.